Kitalu Nyumba au Mnara wa Taa? Nimeviona Vyote na Bado Nahema

Nianze na kontena, maana nikianza na kingine nitapasuka.

Kwa nje ni kontena la futi 20, lile lile linalopita barabarani kila siku juu ya lori, limepakwa rangi nyeupe na kuwekwa kwenye kona ya viwanja vya Themi, Arusha, wakati wa Nane Nane. Foleni mlangoni ilikuwa ndefu kuliko ya banda la nyama choma, na hilo peke yake lilitosha kunishtua. Unavua viatu. Unavaa ndala zao. Unanawa mikono kwa kitakasa. Mlango unafunguliwa, na dunia nzima inageuka zambarau!

Shelfu tano kila upande, sakafu hadi dari, na chini ya kila shelfu msururu wa taa za LED nyekundu na buluu. Saladi zimejipanga humo mamia kwa mamia, na majani yake yanaonekana meusi, kwa sababu jani la kijani hunyonya karibu mwanga wote mwekundu na wa buluu, kinachorudi machoni mwako ni kidogo sana. Dada anayehudumu akabonyeza swichi ya taa nyeupe, kijani kikanirukia usoni, nikajikuta nimesema "mamaa!" kwa sauti. Akaniruhusu nichomoe kikombe kimoja. Mizizi myeupe pe, imelowa, inaning'inia urefu wa kiganja, haina chembe ya tope. Nikakata jani nikatafuna hapo hapo. Laini, limejaa maji, lina utamu kwa mbali. Halijaoshwa na halikuhitaji kuoshwa, maana humo ndani hakuna vumbi, hakuna inzi, hakuna aliyepulizia dawa.

Kilichonimaliza kabisa ni kiyoyozi. Mimea hutoa maji kupitia majani, hewa inajaa unyevu, kiyoyozi kinaukamata, na tone kwa tone unarudi kwenye tangi kupitia mpira mwembamba wa plastiki. Niliinama nikautazama ule mpira muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Maji yale yale, mara ya pili, mara ya tatu! Mtu aliyewahi kubeba ndoo kumwagilia mchicha Agosti hadi Oktoba ataelewa kwa nini nilisimama pale nimeduwaa huku watu nyuma yangu wakikohoa kunihimiza.

Hatua chache tu kutoka hapo kuna kitalu nyumba, na sikutarajia kitanitikisa, kwa sababu vitalu nyumba tumeviona sana. Kumbe bwana! Hiki kilikuwa kirefu, paa liko juu kabisa, na lina mwanya kwenye mgongo wake ambapo hewa ya moto hutokea. Mabomba ya chuma, nailoni ya UV ya maikroni 200, neti ya wadudu pembeni kote, na milango miwili iliyopishana ili ukiingia mdudu asiingie nawe. Nyanya zimefungwa kamba zikapanda juu kupita kichwa changu, vichala vikining'inia kuanzia magotini, chini vyekundu, katikati vya njano, juu maua. Ukipita katikati ya mistari majani yanakugusa mabega, na unatoka na vidole vya kijani kinachoelekea njano, ule utomvu wa nyanya ambao hautoki kwa sabuni ya kwanza. Naandika haya na bado ninaunusa.

Mama mmoja alikuwa ndani anapita mstari kwa mstari, akigonga kamba kwa kijiti. Tap, tap, tap.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Unazifanyia nini hizo kamba?"

"Humu hakuna upepo," akasema bila kusimama. "Ua la nyanya linataka kutikiswa ndipo lishike. Asubuhi, umande ukikauka. Ukisahau, unavuna majani."

Basi. Mashine za mamilioni zimejaa uwanja mzima, na kifaa bora nilichokiona siku ile ni kijiti cha mti wa mwarobaini. Ulaya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanaweka nyuki wakubwa wenye manyoya ndani ya vitalu wafanye kazi hiyo. Mama anawashinda kwa mshahara mmoja na vichekesho juu.

Sasa swali ambalo kila mtu aliyekuwa pale alikuwa nalo mdomoni: pesa ikiwa ya kitu kimoja tu, uchukue kipi? Mbio zilizonipata baada ya hapo, kuuliza, kupiga hesabu nyuma ya kipeperushi, kurudi tena kuuliza, zimenipa jibu ambalo kwa kweli silo nililolitaka. Moyo wangu ulishabaki kwenye kontena.

Wazo lenyewe la kilimo cha ghorofa lina asili tamu. Mwaka 1999, Dickson Despommier, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwapa wanafunzi wake kazi: mapaa ya Manhattan yakigeuzwa bustani, yatalisha watu wangapi? Wakapata kama asilimia 2 tu. Wengine wangefunga daftari. Wao wakajiuliza: mbona tunapanda juu ya paa wakati chini yake kuna ghorofa nzima? Kitabu chake kuhusu mashamba hayo ya ghorofa kilitoka 2010, na dunia ya wawekezaji ikawaka moto.

Ukitaka kuona ndoto hiyo imesimama kweli, nenda Dubai. Bustanica ilifunguliwa Julai 2022 karibu na uwanja wa ndege wa Al Maktoum: jengo la futi za mraba 330,000, uwezo wa zaidi ya kilo milioni moja za majani kwa mwaka, takriban tani tatu kila siku, na wenyewe wanasema wanatumia maji pungufu kwa asilimia 95 ukilinganisha na shamba la kawaida. Ukipanda Emirates kutoka Dubai kurudi Dar, majani kwenye sahani yako yanaweza kuwa yametoka humo! Lakini tazama mazingira yake. Nje kiangazi kinapita nyuzi 40. Maji mengi ya mji ni ya bahari yaliyochujwa chumvi. Na mnunuzi ni shirika la ndege ambalo kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, linahitaji saladi safi, zinazofanana, na linazilipia. Kila kitu kinachofanya shamba la taa liwe na maana, Dubai wanacho.

Sisi? Twende kwenye LUKU.

Mwanga wa mimea hupimwa kwa moli, na saladi inataka kama moli 17 kwa kila mita ya mraba kwa siku ili ijae vizuri. Taa nzuri za leo, si zile za bei ya kutupa, hutoa takriban maikromoli 3 kwa kila juli ya umeme. Gawanya, geuza, unapata uniti moja na nusu kwa mita moja ya mraba kwa siku. Taa tu hiyo! Kiyoyozi, pampu na feni bado hazijahesabiwa. Kwa kiwango tulichokizoea cha T1, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni kama shilingi 440 kwa siku, zaidi ya 13,000 kwa mwezi ambao saladi inakaa shelfuni. Mita moja ya mraba inabeba vichwa 25 hivi. Kwa hiyo kila kichwa cha saladi kimekula umeme wa zaidi ya shilingi 500 kabla hujanunua mbegu, kabla hujalipa kijana, kabla kontena lenyewe halijarudisha hata senti yake. Nilimwonyesha yule dada hesabu yangu. Alicheka kwa huruma, akaniambia, "Kaka, ndiyo maana tunauzia hoteli."

Na nje ya mlango wake, jua la Arusha siku nzuri linashusha moli 35 hadi 40. Bure. Zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya saladi, mpaka inabidi ulikinge kwa neti ya kivuli!

Nikasema sawa, tuweke sola. Nilikuwa bado naitetea ile zambarau, mnajua mapenzi. Hesabu ikanigeuka tena. Paneli nzuri inakamata kama asilimia 20 ya jua, na siku yenye jua la uniti 5 kwa mita ya mraba inakupa uniti moja. Taa inataka moja na nusu. Maana yake kila mita ya shelfu inataka mita moja na nusu ya paneli, na shelfu zikiwa tano ni mita saba na nusu za paneli kwa kila mita ya sakafu, bila kiyoyozi, bila kinachopotea kwenye betri. Umejenga ghorofa ili kuokoa ardhi, halafu umefunika ardhi hiyo kwa paneli ili ulikamate jua, uligeuze umeme, uurudishe kuwa mwanga, umpe mmea ambao ungeweza kusimama pale pale kwenye jua. Nilikunja kipeperushi nikakitia mfukoni.

Hili si la Afrika pekee, maana hata huko kwenye mitaji minono mambo yamekuwa magumu. AeroFarms ya Newark, moja ya majina makubwa kabisa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Juni 2023, ingawa baadaye iliibuka tena. Bowery ilifunga Novemba 2024. Plenty ikafuata njia ya mahakama Machi 2025. Lakini kabla shabiki wa kitalu nyumba hajaanza kucheka, AppHarvest ya Kentucky, iliyokuwa na kitalu cha vioo cha ekari 60 kwa ajili ya nyanya, nayo ilifilisika Julai 2023. Jua lilikuwa bure, deni halikuwa bure.

Kwa hiyo kitalu nyumba kimeshinda? Subiri kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapigwa.

Arusha mjini iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Agosti unaingia kwenye kitalu na jaketi. Kila kitu kinapendeza! Sasa chukua kitalu hicho hicho, nailoni hiyo hiyo, ukipeleke Kigamboni Februari. Nje nyuzi 32, ndani kumefungwa, saa saba mchana kipimajoto kinavuka 40 bila aibu. Chavua ya nyanya huanza kudhoofu joto likipita nyuzi 32 hadi 35. Maua yanapukutika, unabaki na mti mrefu wa kijani usio na tunda, na muuzaji aliyekuuzia hapokei tena simu. Kitalu nyumba kilibuniwa kwa ajili ya watu wenye baridi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya joto. Uholanzi wanavuna zaidi ya kilo 50 za nyanya kwa mita ya mraba kwa mwaka chini ya vioo, na sifa hizo wanazistahili, lakini hesabu yao inaanza kwenye baridi ambayo Tanga haina.

Naivasha ndiyo imenipa somo zuri zaidi kuhusu hili. Pale ziwani, karibu mita 1,900 juu, mashamba ya maua ya Kenya yana vitalu mpaka macho yanachoka, na usiku kunakuwa na baridi yenye unyevu ambayo ukungu unaipenda kuliko waridi linavyoipenda. Shamba la Oserian lilichimbua jibu chini ya miguu: mvuke wa ardhini, ule ule wa ukanda wa Olkaria unaozalisha umeme, ulipasha vitalu joto usiku ili hewa ikauke na ukungu ukose pa kushika, na hewa ukaa iliyotoka kwenye kisima cha mvuke nayo ilielekezwa kwa mimea. Nikisoma habari ile huwa nasimama nikazunguka chumba. Mvuke wa volkano kukausha majani ya waridi! Lakini waridi hilo liliuzwa Ulaya. Mchicha wa Mbagala haulipi bomba la mvuke.

Kwa mtu wa pwani, basi, kitalu cha kutafuta ni nyumba ya neti. Paa la neti ya kivuli au nailoni juu tu kuzuia mvua, kuta zote neti, kimo cha mita nne au zaidi, hewa inapita inavyotaka. Hakizuii joto, ila hakiliongezi. Kinazuia vipepeo na kinapunguza jua kali, na kwa hoho, tango na majani kinatosha kabisa. Nilikiona kimoja kidogo nyuma ya banda la mbegu, hakuna aliyekipiga picha, na ndicho kilichonifanya nitoe simu.

Kuhusu wadudu, neti ndiyo shujaa wa hadithi, si nailoni. Kantangaze alipoingia kwetu mwaka 2014 alikula mashamba ya nyanya kuanzia Arusha hadi Iringa, na dawa nyingi alizifanya maji. Neti yenye matundu madogo na milango miwili humweka nje, mradi kila mtu aufunge wa kwanza kabla hajafungua wa pili, jambo ambalo mgeni wa heshima na msafara wake hawalifanyi kamwe (niliwaona).

Kuna adui mwingine ambaye neti haimzuii, na nawasihi wauzaji wa vifurushi vya vitalu vya mita 8 kwa 15 wamtaje kwa sauti: mnyauko bakteria. Unakaa udongoni. Msimu wa kwanza unavuna mpaka majirani wanakuja kuuliza. Wa pili, mche mmoja unalegea mchana, usiku unanyanyuka, kesho unalegea moja kwa moja ukiwa bado kijani. Ukikata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, unaona nyuzi nyeupe zinamwagika kama moshi. Baada ya hapo kitalu chako kimejaa ugonjwa na huwezi kukihamisha. Niliuliza tiba kila banda. Jibu lililonifurahisha ni la aina mbili. La kwanza, acha udongo: panda kwenye mifuko ya vumbi la makumbi ya nazi, ambalo pwani tunalitupa na kulichoma, halafu tunanunua la kutoka nje limefungwa vizuri! La pili ni kupandikiza: nyanya unayoitaka juu, mizizi ya biringanya inayouvumilia mnyauko chini. World Vegetable Center, ambao wana kituo chao pale Arusha, wamekuwa wakiieneza mbinu hiyo kwa kutumia biringanya EG203. Unakata miche miwili kwa wembe kwa mshazari, unaiunganisha, unaibana kwa kibanio kidogo cha mpira, na unaiweka gizani penye unyevu kwa siku kadhaa. Nilishika mmoja mkononi. Kovu lipo, dogo, mashina mawili yamekuwa moja. Uchawi mtupu.

Na hapa, jamani, ndipo kontena liliponirudisha kundini! Kwa sababu miche hiyo iliyopandikizwa inataka nini? Joto lisilobadilika, unyevu mkubwa, mwanga wa kiasi, hakuna mdudu. Yaani kontena! Rudia hesabu ya umeme, safari hii kwa miche. Trei ya vishimo 128 haichukui nafasi. Mita moja ya mraba inabeba miche zaidi ya 700. Umeme wa taa ule ule wa shilingi 440 kwa siku, kwa siku 25, ukigawanya unapata kama shilingi 15 kwa mche. Kumi na tano! Kwa mbegu chotara ambazo siku hizi unazinunua kwa kuhesabu punje, hiyo ni bima, si gharama. Yule dada alikuwa na shelfu moja ya miche pale chini, pembeni, imefichwa nyuma ya saladi za kupigia picha. Dada yangu, igeuze! Saladi nyuma, miche mbele!

Sasa mnara usio na taa. Huu nao ulikuwepo, na hakuna aliyekuwa kwenye foleni yake. Bomba la PVC la inchi sita limesimamishwa wima juani chini ya neti ya kivuli, limetobolewa matundu pande zote, chainizi imetokeza kila tundu, na pampu ndogo inapandisha maji yenye virutubisho mpaka juu yashuke yenyewe yakilowesha mizizi. Pampu ya wati chache, basi. Jua linafanya kazi yake. Nafasi yake ni ya kiti kimoja cha plastiki, na umebeba miche ambayo ingehitaji tuta zima. Kwa mtu wa Sinza au Eastleigh mwenye roshani na hamu, hiki ndicho kitu! Nilikizunguka, nikakitikisa, nikauliza bei, nikauliza tena nikidhani nimesikia vibaya, maana fundi wa mtaani akipewa bomba na mashine ya kutobolea anakitengeneza mwenyewe.

Kasoro zake nizitaje haraka. Umeme ukikatika mchana wa jua, mizizi inakauka ndani ya saa chache, hivyo betri ndogo si anasa. Na maji kwenye tangi yakipita nyuzi 25 hivi, oksijeni inapungua na mizizi inaanza kuoza, inageuka kahawia na kunuka. Dar, tangi jeusi likikaa juani linafika 30 kabla ya adhuhuri. Lifukie ardhini, au liweke kivulini na kulifunika kwa magunia yaliyolowa. Kuna pia njia ya ndoo isiyo na pampu kabisa, ambayo Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii ndiye aliyeifanya ijulikane: mche unaning'inia juu ya ndoo yenye virutubisho, maji yanapungua, mizizi ya juu inabaki hewani inapumua, ya chini inakunywa, na wewe umekwenda zako kazini.

Nikiwa kwenye mnara huo nikakumbuka kwamba Nairobi walishafanya kilimo cha ghorofa kabla hatujaona taa ya zambarau. Kibera, baada ya vurugu za uchaguzi, shirika la Solidarités lilianza mwaka 2008 kugawa miche kwa kaya za mtaa zipande kwenye magunia. Ufundi wake unapendeza kuutazama. Kopo lisilo na kitako linasimamishwa katikati ya gunia, linajazwa kokoto, pembeni unamwaga udongo na samadi, halafu unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, mpaka gunia lina nguzo ya mawe katikati ambayo maji yanashukia hadi chini. Unatoboa ubavuni, unachomeka sukuma wiki kila tundu, na juu unapanda vitunguu. Hakuna pampu ya kuzimika. Maji yaliyooshea mchele yanatosha. Ukiweka kando taa na mitaji, kanuni ni ile ile ya Bustanica: panda kwenda juu, maana chini pamejaa.

Basi hukumu yangu, nikiwa bado nahema. Una robo ekari Arusha, Lushoto, Mbeya, Limuru? Kitalu nyumba, kirefu, chenye mwanya mgongoni, na mifuko badala ya udongo. Panda nyanya au hoho, na uanze na mnunuzi kabla ya nailoni, kwa sababu nyanya nyingi kwa wakati mmoja kijijini ni hasara nyekundu. Uko pwani? Nyumba ya neti, na usishawishiwe na mtu mwenye kalkuleta. Una roshani tu? Mnara wa juani au magunia, leo hii. Na kontena la taa mwachie mwenye hoteli ya kitalii mlangoni, au, afadhali sana, kikundi cha vijana watakaolijaza miche iliyopandikizwa na kuuzia wenye vitalu wote wa wilaya. Hicho kikundi nikikiona nitakiandikia kurasa tatu!

Mimi mwenyewe nimeshanunua bomba. Neti ya kivuli ya asilimia 50 nimeiulizia Kariakoo, na fundi anakuja Jumamosi na mashine yake ya kutobolea. Shimo la tangi nimeanza kulichimba chini ya mwembe, na mwenye nyumba ameshaniuliza mara mbili nazika nini.